Sehemu Iliyotengwa na Makombo Yaliyomwagwa
Hotuba ya kamati ya jiko katika sherehe ya kumbukumbu ya hekalu letu



Mgeni rasmi, Maharaj wetu, wazee wetu, akina mama, vijana, na ndugu zetu majirani wa Kilosa na Mikumi mliokubali kuketi nasi jioni ya leo:

Waliotutangulia kusimama hapa wamezungumza juu ya mambo makubwa. Wamewakumbuka wazee wetu walioifuata Reli ya Kati, reli ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Wamekumbuka maduka, mashamba ya mkonge, na mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwanzoni mwa mwaka 2010, yaliyowaacha wengi wa Kilosa bila makazi na kuing'oa reli. Sisi tumetoka jikoni. Harufu ya samli ingali katika nguo zetu, na hatuna historia ya kuwasomea. Tumepewa muda mfupi tuseme neno, tukaona tusilitafute mbali. Tutasema juu ya kile kinachosalia chini ya sufuria watu wakishakwenda makwao, na juu ya viumbe wanaokisubiri nje ya ukuta.

Huenda baadhi yenu mkaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa siku kubwa kama hii. Twaomba mtuvumilie. Dini yetu imetufundisha kwamba mtu hujulikana kwa anachokifanya mezani, na zaidi kwa anachokifanya baada ya kushiba.

Nyote mliolelewa katika nyumba zetu mwaijua desturi. Chapati ya kwanza kutoka motoni ni ya ng'ombe, na ya mwisho ni ya mbwa. Katika siku za kuwakumbuka marehemu tunaweka wali kwa ajili ya kunguru kabla hatujala sisi. Maandiko yetu yanahesabu wajibu tano wa kila siku wa mwenye nyumba, na mmojawapo ni bhuta yajna, yaani kuvitolea viumbe sehemu yao. Neno la kuzingatia hapa ni sehemu. Mbwa na ng'ombe wamehesabiwa miongoni mwa wenye haki katika chakula cha siku ile, kama mtoto alivyohesabiwa na mgeni alivyohesabiwa. Wanachopewa hakingoji kwanza sisi tukikatae.

Kiswahili nacho kinatusaidia kupambanua. Chakula kilichobaki salama sufuriani na kuhifadhiwa mpaka kesho twakiita kiporo, na kiporo ni chakula cha heshima. Wengi wetu tumekwenda shule tumeshiba kiporo. Wali ulioshika chini ya chungu ni ukoko, na watoto huugombania. Kilichobaki katika sahani baada ya mkono wa mtu kupita ndicho makombo. Hayo sisi twayaita jutha, na kwa mafundisho yetu hayatolewi madhabahuni wala hayapewi mgeni. Basi twajiuliza: ikiwa hatuwezi kumpa mgeni, kwa nini tulipomaliza kula tuliyakusanya yote katika ndoo moja, pilipili na mifupa ya maembe na karatasi, tukaimwaga nyuma ya ukuta na kusema kwamba tumewalisha wanyama? Hiyo ilikuwa njia yetu ya kuosha vyombo. Sadaka haikuwamo.

Tutawasimulia kisa kilichotufundisha tofauti hii, na tutakisimulia bila kujificha, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Miaka kadhaa iliyopita paka mdogo wa kike aliingia katika ua wetu. Tulimpa jina la Moti, maana yake lulu. Alipendwa na watoto, na kwa kuwa ghala letu la unga na mchele lilikuwa na panya, alipata kazi siku ileile. Muda ukapita, tukaanza kuona haya. Paka huyu anaua ndani ya ua wa hekalu, sisi tunaohubiri ahimsa! Tukamhamishia ua wa ndani, tukaziba tundu la ghala, tukawa tunamlisha kilichobaki jikoni: khichdi, chapati iliyolowekwa katika maziwa, siku za sikukuu kidogo cha shiro. Alikula. Tukajisifu mbele ya wageni kwamba katika hekalu letu hata paka ameacha nyama.

Katika mwaka wa pili Moti alianza kuruka na kukosea. Alikuwa akiruka kwenye kiti alichokizoea na kuanguka kando yake. Tuliona mboni za macho yake zimepanuka hata katika jua la adhuhuri. Mmoja wetu akasema ni uzee, mwingine akasema ni husuda, na mwingine akapendekeza matone ya dawa ya macho ya binadamu. Hatimaye tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alimchunguza, kisha akauliza swali moja tu: anakula nini? Tulipomjibu, alinyamaza kwa kitambo.

Alichotueleza ni hiki. Mbwa ameishi karibu na moto wa binadamu kwa maelfu ya miaka akila alichoachiwa, na mwili wake umezoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa ana uwezo wa kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu ambaye ni wa ukoo wake. Ndiyo sababu mbwa wa majirani zetu anaishi kwa ugali na dagaa na bado ana nguvu za kukesha. Paka hakuipita njia hiyo. Yeye ni mla nyama kwa maumbile, kama simba. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, na hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Lazima aipate katika nyama au samaki. Tangu mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka akiikosa, pazia la ndani ya jicho linaloipokea nuru huharibika, na mwaka 1987 ikathibitika kwamba hata moyo wake hulegea na kutanuka. Katika mchele na dengu taurini haimo. Katika maziwa ya ng'ombe imo kidogo sana, isiyomfaa. Wale panya tuliowaonea haya ndio waliokuwa dawa yake.

Jicho lililokwisha kuharibika hivyo halirudi. Moti aliishi miezi mingine michache akilala chini ya ngazi za mbele, akiwatambua watu kwa sauti. Baada ya kufa kwake ndipo mlinzi wetu, mzee wa Kilosa ambaye si wa dini yetu, alipotuambia kwamba kila jioni alikuwa akimwekea dagaa wawili watatu kutoka katika chakula chake mwenyewe. Alifanya hivyo kwa siri nje ya lango, akiogopa kutuudhi. Tulimwuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akajibu kwa upole: "Wakubwa zangu, nanyi mlikuwa mkimpenda."

Ndugu zetu, jibu hilo lilitunyima usingizi. Tulikuwa tukimpenda, ni kweli, na upendo wetu ulimpofusha. Mlinzi alikuwa na sahani moja, akagawa. Sisi tulikuwa na sufuria kumi, tukamnyima alichokihitaji.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Wako waliosema kwamba dagaa katika ua wa hekalu ni jambo lisilowezekana, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Wako waliosema tusifuge paka tena. Kisha mzee wetu mmoja, ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe, akasema: "Simba wa Mikumi ni kiumbe wa Mungu, na hakuna aliyemtaka ale majani kwanza. Nadhiri ya kutokula nyama niliiweka mimi. Paka hakuweka nadhiri yoyote." Tukakubaliana. Hatumlazimishi mtu yeyote kuleta samaki katika jiko lake. Lakini asiyeweza kumpa paka kile ambacho mwili wake unahitaji, asimfungie. Amwachie uhuru wa kuwinda ghalani na shambani, au amnunulie chakula cha paka kilichotiwa taurini, au amkabidhi kwa jirani anayeweza kumtunza. Ahimsa ni kutomdhuru kiumbe, na kumnyima chakula chake ili dhamiri yetu itulie ni kumdhuru.

Baada ya kisa hicho tulianza kuuliza juu ya mambo mengine, na tukatambua kwamba hata mbwa, mwenye tumbo la subira, ana mipaka yake. Twayasema hapa ili yawafae katika nyumba zenu.

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ya paka zaidi. Mchuzi wetu wa kila siku hauna kitu tusichokitia kitunguu, basi mchuzi usimwagwe juu ya ugali wa mbwa. Zabibu, mbichi na kavu, zaweza kuua figo za mbwa, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni kiasi gani kitamdhuru mbwa yupi. Kwa hiyo shiro na laddu zenye zabibu kavu zisiwe zawadi yake siku ya Diwali. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na moyo wake huenda mbio. Zailitoli, sukari ya badala inayotiwa katika baadhi ya peremende na jojo zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu yake kwa ghafla. Mafuta mengi na vitu vya kukaanga vyaweza kuliwasha kongosho. Na kwa majirani zetu walao nyama twasema: mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, huvunjika vipande vikali vinavyochoma utumbo. Maziwa nayo, picha zote za vitabu vya watoto zinamwonyesha paka akiyanywa, lakini paka wengi wakubwa huharisha kwa sababu ya sukari iliyomo.

Kuna jambo zito kuliko hayo, nalo lahusu unga. Katika wilaya yetu mahindi ni uhai. Lakini mahindi yaliyovuna unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Sasa fikirini desturi yetu: unga ukinuka uvundo, twasema, "Huu si wa kuliwa na watu, mpikie mbwa." Ini la mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hiyo kuliko lilivyo letu, na kupika hakuiondoi. Aliyekesha akiulinda mlango wetu asilipwe kwa sumu tuliyoikataa sisi.

Ng'ombe naye tusimsahau, kwa kuwa ndiye tunayemheshimu kuliko wote na ndiye tunayemkosea kwa wingi. Chapati moja mkononi ni baraka. Sufuria nzima ya wali uliobaki arusini, ikimwagwa mbele ya ng'ombe mwenye njaa, huchachuka tumboni mwake, na aweza kufa kwa hiyo karamu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya plastiki vingali vipo, na chakula kikitupwa ndani yake ng'ombe humeza vyote pamoja.

Ndugu zetu wa Mikumi mna somo lenu, ambalo mnalisoma kila siku barabarani. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, imepasuliwa na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Abiria wa mabasi huwarushia nyani ndizi, biskuti na mahindi ya kuchemsha. Wanafanya hivyo kwa furaha, na wengi wao wakidhani ni huruma. Nyani huyo amejifunza kwamba chakula hutoka dirishani, naye huketi ukingoni mwa lami akingoja, na mtoto wake mgongoni. Mwisho wake mnaujua ninyi mnaopita asubuhi. Anayesalimika huwa mwizi wa majikoni, kisha hufukuzwa kama adui kwa tabia tuliyomfundisha sisi. Kuwalisha wanyama hifadhini ni marufuku, na sheria hiyo ina hekima ile ile ya kisa cha Moti: mkono unaotoa bila kuuliza huweza kuua.

Jambo la mwisho lahusu ile ndoo ya nyuma ya ukuta. Makombo yanayomwagwa mahali pa wazi hayali mbwa wako peke yake. Hukusanya mbwa wazururaji wa mtaa mzima, wakagombana na kuumana, na watoto wa shule hupita hapo hapo. Kichaa cha mbwa kingalipo katika nchi yetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu wagonjwa wote wa kichaa hicho miongoni mwa binadamu, hadi 99 katika kila 100, wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Lakini huzuilika kwa chanjo. Mtoto akiumwa, oshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, bila kungoja kumwona mbwa atakuwaje. Nasi tunaomlisha mbwa wa mtaa tukumbuke kwamba tumekwisha kumfanya wetu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Basi mkono unaolambwa uwe pia mkono unaompeleka kuchanjwa.

Mahabharata inasimulia kwamba Yudhishthira, baada ya kupoteza ndugu zake wote katika safari ya milimani, alifika mlango wa mbinguni akiwa na mbwa mmoja aliyemfuata tangu mwanzo. Akaambiwa aingie, mbwa abaki. Alikataa kuingia. Mara nyingi tumekisimulia kisa hicho kama sifa ya huruma. Sisi wa jikoni sasa twakisoma pia kama hesabu: aliyekufuata kwa kukutegemea, uko katika deni lake mpaka mlangoni.

Kwa hiyo, kuanzia jioni hii, jiko letu limeazimia hivi. Kabla pilipili na kitunguu havijaingia sufuriani, sehemu ya mbwa itatengwa: wali mtupu na dengu zilizochemshwa, katika chombo chenye kifuniko na chenye jina lake. Chakula kizuri kitakachobaki kitawafikia watu kwanza, kingali cha moto, kwa kuwa hakuna haki ya kumlisha mnyama kwa chakula cha jirani mwenye njaa. Ng'ombe watapewa majani, maganda ya mboga na chapati yao moja. Makombo ya sahanini yatafukiwa shimoni yawe mbolea ya bustani ya maua ya madhabahu. Ndoo ya nyuma ya ukuta imeondolewa. Na katika kapu la michango la leo, pamoja na ya ukarabati, mtaona bahasha ya chanjo ya mbwa wa mtaa, twawaomba msiipite.

Paka mwingine yupo sasa. Analala ghalani, na tundu lake limezibuliwa. Nje ya lango kuna kibakuli kidogo cha bati, na kila mwezi kamati humwongezea mlinzi fedha kidogo za dagaa. Hakuna mtu aliyelazimika kuvunja nadhiri yake, na paka anaona vizuri.

Karibuni chakula. Mle mshibe, na mnapochukua, chukueni kile mtakachomaliza.